Usiniite Mwanangu

Duka lilikuwa na ubao wa herufi ukutani kama maduka yote ya miwani, ila mwenye duka hakuutumia. Mteja akikaa kwenye kiti cha kupimia alipewa ukurasa mmoja wa riwaya, uliobandikwa kwenye kadi ngumu, akaambiwa, "Soma kwa sauti, usiogope, hapa hakuna mtihani." Ukurasa huo ulitoka katika kitabu kilichokuwa midomoni mwa watu mwaka ule, hadithi ya familia moja ya majambazi iliyotawaliwa na mama mpole wa kutisha. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani, alikuwa na sababu ya kuuchagua. Kitabu alikiandika yeye, kwa jina la kubuni, na hapakuwa na kiumbe aliyeijua siri hiyo. Basi kila aliyekuja kupimwa macho alikipima na kitabu chake pasipo kujua, na Miwani akasikiliza huku ameinamia lenzi zake, akijifanya hayamhusu. Ilikuwa raha yake ya pekee, mpaka alipompata Fundi.

Alasiri hiyo mvua iliwafungia watu dukani. Mwalimu Mstaafu alikuwa kwenye kiti na kadi mkononi, muuza mboga na kinyozi wamebanana kwenye benchi, na Fundi amekaa kwenye stuli karibu na mlango, akizungushazungusha fremu tupu.

"Macho yangu yanaona," alisema Mwalimu Mstaafu, "ila akili inakataa. Mama anawaua watu huku anawatandikia kitanda? Mwandishi katia chumvi mno."

"Chumvi ipi?" muuza mboga alidakia. "Mimi huyo mama nimemwelewa kuliko mtu yeyote humo ndani. Mwenzetu wewe hujawahi kuwa na mama mkwe."

Walicheka. Kinyozi alingoja kicheko kiishe ndipo akaweka lake. "Mimi kinachonikera ni hizo adabu. Jambazi gani anasema tafadhali? Ninaowanyoa mimi hata asante hawaijui."

"Kumbe unawanyoa majambazi!"

"Nanyoa vichwa, mama. Kilichomo ndani sikipekui."

Miwani alicheka nao, lakini jicho lake lilikuwa mlangoni. Fundi alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kushinda kwenye mashimo ya majengo marefu. Mara ya kwanza aliletwa na skrubu ya miwani ya mwenzake kazini. Mara ya pili alisema naye macho yanamsumbua, Miwani akamwekea rula puani kumpima nafasi kati ya mboni za macho. "Niangalie mimi, usiiangalie rula," alimwambia. Akamwangalia. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, na tangu siku hiyo hakuacha kumwangalia, wala Miwani hakutaka aache. Walishazungumzia ndoa. Kitu kimoja tu kilimkwama Miwani kooni: kila alipouliza habari za kwao, Fundi alijibu neno moja, "Wapo," kisha akabadilisha mazungumzo.

Leo kwa mara ya kwanza alikuja na habari. Mama yake alitaka miwani ya kusomea, na alitaka apimwe na mchumba mwenyewe, nyumbani kwake. Miwani alifurahi.

"Fundi naye asome," kinyozi alisema. "Kila siku yuko hapa na hatujawahi kuisikia sauti yake."

Fundi aliipokea kadi akitabasamu, akasoma. "Mama aliinua macho, akamtazama yule kijana tangu utosini hadi miguuni. 'Huyu ni mgeni wetu,' alisema kwa upole. Na wote waliokuwa mezani wakajua kwamba kijana yule hataiona kesho." Aliishusha kadi. Tabasamu lilikuwa limemwondoka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayerekebisha hesabu ya mtoto, "Hapa amekosea. Siyo mgeni. Mgeni alikuwa anatoka salama. Aliyeitwa mwanangu ndiye aliyekuwa hatoki."

"We umesoma toleo gani?" Mwalimu Mstaafu aliuliza.

Fundi alishtuka kama mtu aliyeamshwa. "Nimechanganya," alisema, akairudisha kadi.

Wenzake walikwisha rudi kwenye ubishi wao. Miwani alisimama na bisibisi yake ndogo mkononi, mwili umemsisimka. Mama yule wa kitabuni hakumbuni yeye. Alipokuwa mdogo, baba yake, ambaye alikuwa dereva wa watu fulani, alimsimulia kila usiku kisa cha nyumba yenye mlango wa kijani na mama anayesema mgeni. Halafu siku moja baba alikwenda kazini asirudi, na hapakuwa na maiti, wala kaburi. Miwani alikuwa ameamini miaka yote kwamba ni hadithi ya kumlaza mtoto.

Mvua ilipopungua watu wakatawanyika. Fundi alibaki. Miwani aligeuza kibao cha mlangoni, akafunga komeo.

"Umelijulia wapi neno hilo?"

"Lipi?"

"Fundi, mimi siyo mtoto."

Fundi aliitazama mikono yake. "Kwetu," alisema hatimaye. "Mlango wetu ni wa kijani. Mama hajawahi kutuita sisi wanawe wanangu, hata mara moja. Kaka yangu anaitwa Mkubwa, mimi naitwa Mziwanda. Neno lenyewe lina kazi nyingine pale nyumbani. Niliondoka nikiwa kijana kwa sababu sikutaka kulisikia tena likisemwa kwa mtu."

"Na mgeni?"

"Mgeni ni mtu wa heshima. Mama akishamwita mtu mgeni, haguswi. Na anasindikizwa mpaka mlangoni kwake na mmoja wetu, ambaye mgeni anamchagua mwenyewe. Mpaka amfikishe, naye msindikizaji haguswi. Mama ana mengi, lakini hilo hajawahi kulivunja." Aliitazama ile kadi. "Amesomewa kitabu hiki mara nyingi, Miwani. Anasema aliyeandika kalelewa na dereva wetu wa zamani. Anamtafuta."

Miwani aliiweka bisibisi mezani. Angeweza kunyamaza. Lakini alimpenda mtu yule, na kumpenda kulikuwa kumemharibia uwezo wa kumdanganya.

"Ni mimi," alisema. "Dereva alikuwa baba yangu."

Fundi alisimama hata stuli ikaanguka. Walitazamana, na Miwani aliuliza swali lililomuuma kuliko hofu. "Ulikuja hapa kunitafuta?"

"Nilikuja na skrubu! Naapa, nilikuja na skrubu ya watu." Machozi yalimlengalenga. "Usije kwetu. Nitamwambia unaumwa."

"Amesema niende mimi?"

"Wewe mwenyewe."

"Basi anajua. Nisipokwenda atakuja." Akamwokotea stuli, akamshika mkono. "Na kama kuna mtu anayejua baba yangu alipoishia, ni yeye. Twende pamoja, tutoke pamoja. Hicho tu ndicho ninachokitaka."

*

Walikwenda siku ya pili yake, mchana kweupe. Mlango ulikuwa wa kijani. Miwani aliujua hata ufa wake wa chini kabla hajautazama, na alipoingia ndani mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi ya taa iliyojificha nyuma ya pazia, akaurudisha haraka. Sebule ilikuwa safi mno. Viti vilivikwa vitambaa vyeupe, na hapakuwa na sauti yoyote, hata ya jirani. Kaka Mkubwa alikaa kando ya mlango akikata kucha. Aliwasalimu vizuri, akaendelea na kucha zake.

Kilichomfanya Miwani akose pumzi kilikuwa dirishani. Palining'inia kitundu cha ndege, kitupu, kimeoshwa kinang'aa, na kikombe cha maji safi ndani yake. Kitundu hicho baba hakumsimulia. Alikitunga mwenyewe, mezani kwake, kwa sababu ukurasa ulikuwa umepwaya.

"Umekiona?" sauti ilisema nyuma yake. "Hakikuwepo. Nilipokisikia kitabuni nikakipenda, nikaagiza."

Mama alikuwa mwembamba, mfupi, amejitanda kitenge, uso wake mzuri wa kumtua mtu moyo. Alikuja na mikono miwili mbele, kama mama yeyote anayempokea mke wa mwanawe.

"Shikamoo, mama," alisema Miwani.

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Mwanamke mwingine yeyote angelia kwa furaha. Msomaji mwingine yeyote wa kitabu kile angeshusha pumzi, kwamba hakuitwa mgeni. Miwani alikiachia kisanduku cha vifaa. Skrubu na lenzi zilitawanyika sakafuni, na Fundi akafumba macho.

Mama alisikiliza skrubu ya mwisho ikibingirika mpaka ikatulia. "Ah," alisema polepole. "Nimeteleza ulimi. Karibu, mgeni wangu. Kaa."

Ndipo Miwani alipoelewa kwamba alikuwa ametegwa, na amenasa. Kitabuni neno liliandikwa kinyume. Kwa kuliogopa mwanangu alikuwa amefichua kwamba ameambiwa ukweli wake, na wa kumwambia alikuwa mmoja tu, Fundi.

Alimpima mama yule kwa vidole vilivyokuwa baridi. Alimwekea rula puani, akasema kwa mazoea, "Niangalie mimi, mama, usiiangalie rula," na macho yale ya kijivu yakamwangalia bila kupepesa. Alibadilisha lenzi moja, ya pili, mpaka akapata, akazifunga kwenye fremu, kisha akampa kadi.

Mama alisoma ukurasa wote kwa sauti yake laini. Alipofika kwenye neno mgeni alitabasamu.

"Naona vizuri. Sasa nikupe maoni yangu, maana nasikia dukani kwako kila mtu anatoa yake." Alikunja mikono mapajani. "Umeniandika mnene. Nani alikwambia mimi mnene?"

"Nilibuni, mama."

"Ulibuni vibaya. Halafu umeniandika nacheka peke yangu chumbani. Mimi sichekagi peke yangu. Lakini pale ninapomzika mume wangu na sitoi chozi, hapo umenipata, nikamwambia anayenisomea arudie." Akamrudishia kadi. "Dereva alikuwa mtu mzuri. Alikuwa na mdomo tu, na mtoto wa kumsimulia. Nilimwita mwanangu, siku ile."

Akaiweka sawa miwani puani. Miwani alielewa, na uchungu ulimpanda hadi machoni. Alielewa pia kile ambacho hakuwahi kukijua. Baba yake alikuwa akimfunika shuka kila usiku akimwambia, "Lala, mwanangu." Hakuthubutu kulichafua neno hilo masikioni mwake, ndiyo maana alikipindua kisa. Alimpa mtoto wake neno safi, na yeye akaja akafa kwa neno lile lile.

"Usilie," alisema mama. "Lia nyumbani. Sijamaliza. Kitabu chako kina kasoro kubwa moja, mwisho wake. Yule msichana anatoka peke yake, anatembea zake, basi. Mtu unasoma kurasa zote hizo halafu anatoka peke yake? Mwisho dhaifu. Lakini ndio ulivyouandika, basi na uwe." Akaivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. "Nenda salama, mgeni wangu. Ndoa haipo. Usimfuate tena huyu."

"Mama," Fundi alianza.

"Neno la nyumba hii limetoka nje mara mbili," mama aliendelea, kama hakusikia. "Mara ya kwanza lilitoka kitabuni, limekosewa, nikasema si neno. Safari hii limetoka sawasawa." Akamgeukia mwanawe. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha Miwani zaidi. "Wewe baki kidogo tuzungumze, mwanangu."

Kile kichuma cha kukatia kucha kilinyamaza. Kaka Mkubwa alisimama, akasogeza kiti chake, akaegemea mlango.

Fundi hakupiga kelele. Alimtazama mama yake kama mtoto aliyelisubiri neno lile maisha yake yote na sasa amepewa. Kisha akamgeukia Miwani. "Nenda," alisema. "Tafadhali nenda. Ulikuwa na bahati mbaya na ile skrubu."

Miwani aliinama. Aliokota vifaa vyake kimoja kimoja, rula, bisibisi, lenzi, akaviweka kisandukuni. Kichwa chake kilikuwa kimetulia ghafla, kama inavyotulia sentensi inapopata neno lake. Akasimama.

"Mama, umeniita nani?"

"Nimekuita mgeni wangu."

"Na mgeni kwenu anatoka vipi?"

Mama aliinua uso. Vioo vipya viliwaka mwanga wa dirishani, macho yasionekane.

"Mgeni kwenu husindikizwa," alisema Miwani. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Na mtu wa nyumba, mpaka mlangoni kwake. Naye anamchagua mwenyewe, na hakuna wa kumgusa mpaka amfikishe. Mimi nimemchagua Mziwanda."

"Nimekwisha mwita."

"Umemwita baada ya kuniita mimi. Mimi nilitangulia."

Kaka Mkubwa alimtazama mama yake akingoja, mkono mfukoni. Maji ndani ya kitundu yalitikisika kidogo, ingawa hapakuwa na upepo.

Mama alianza kucheka. Alicheka chini kwa chini, mabega yakimcheza, kisha akaweka mkono kifuani.

"Sogea mlangoni, Mkubwa."

"Mama?"

"Nimesema sogea. Mgeni kasema." Alimnyooshea Miwani kidole chembamba. "Hii haimo kitabuni."

"Haimo, mama."

"Ni bora kuliko ile yako. Iandike." Kicheko kilikwisha usoni kama taa iliyozimwa, akamgeukia Fundi. "Mfikishe mgeni wangu, halafu urudi. Nakungoja. Miwani ninayo sasa, nitakuona hata ukiwa mbali."

*

Walitembea. Mitaa ilikuwa imejaa watu, wengine wametoka makazini, wengine wananunua mboga, na hakuna aliyewatupia jicho mara mbili. Miwani alimshika Fundi mkono kwa nguvu hata vidole vikauma, wala hakuna aliyelalamika. Kila walipokata kona aligeuka nyuma. Mara zote Kaka Mkubwa alikuwepo, mbali kidogo, anatembea bila haraka, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka kunyoosha miguu.

"Ameniita," Fundi alisema. "Umesikia? Ameniita."

"Nimesikia."

"Nilipokuwa mdogo nilikuwa naomba Mungu aniite hivyo. Mara moja tu."

Miwani alisimama katikati ya njia, akamkumbatia mbele za watu. "Mimi sitakuita hivyo kamwe," alimnong'oneza. "Nitakuita Fundi. Nitakuita mume wangu. Majina yapo mengi."

Wakaendelea. Waliupita ukuta wa shule, wakamkuta kinyozi barazani kwake akawapungia wembe, muuza mboga akauliza kwa mbali lini watamlisha pilau la ndoa hiyo. Halafu likaonekana duka la miwani, na kibao chake kidogo kinacheza kwa upepo. Fundi alipunguza mwendo. Nyuma yao, Kaka Mkubwa naye alipunguza.

Miwani alitoa ufunguo mkobani. Aliutazama. Duka lile lilikuwa jasho lake lote, lenzi zake, kiti chake, ile kadi, meza aliyoiandikia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka, kitanda kimetandikwa tangu asubuhi. Aliurudisha ufunguo mkobani, akapita mlango wake bila kugeuza shingo.

"Umepita kwako," alisema Fundi.

"Najua."

"Miwani. Ni pale. Umepita."

"Nimesema najua. Tembea."

Fundi alielewa taratibu, na alipoelewa alikaza mkono. Mbele yao barabara ilinyooka, ikapita kituo cha magari, ikapita majengo ya mwisho waliyoyajua.

"Nikusindikize mpaka wapi?" aliuliza.

Miwani aligeuka mara ya mwisho. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya duka, ameuegemea mlango wake, anawangoja warudi.

"Usinifikishe," alisema.